Mshubiri wetu wa maua mekundu: jinsi ya kuupanda Uganda ili nyuki wapate chakula kiangazi

Kama unafuga nyuki, au una kahawa, maboga au matikiti, au basi tu unataka kompaundi yako isiwe vumbi tupu ikifika Januari, panda mshubiri. Sisemi ile Aloe vera ya kupaka usoni, ile asili yake ni Uarabuni huko. Nasema mshubiri wa kwetu kabisa, kwa jina la kitaalamu Aloe dawei, unamea wenyewe hapa Uganda na kwa majirani zetu Kenya, Rwanda na Kongo. Hilo jina limetokana na Morley Thomas Dawe aliyekuwa anasimamia bustani ya mimea ya Entebbe, na mtaalamu wa mimea Alwin Berger ndiye aliyeuandika rasmi mwaka 1906, kwa hivyo ni mmea ambao hata vitabu vya nje vinaujua kama mmea wa Uganda lakini sisi wenyewe tunaupita barabarani tukienda kununua maua ya kutoka nje ambayo yanataka maji asubuhi na jioni.

Baganda wanauita kigagi, Banyankole rukaka, ila angalia, majina haya watu wanayatumia kwa mishubiri karibu yote, kwa hivyo ukienda kuomba au kununua usitegemee jina peke yake, tazama mmea wenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini kiangazi, manake hapo ndipo maana yote ya kuupanda ilipo. Kusini na katikati ya nchi mvua zetu ni mbili, Machi mpaka Mei alafu Septemba mpaka Novemba hivi. Katikati hapo kuna miezi mikavu, Juni na Julai, kisha Desemba mpaka Februari, na kwa watu wa ukanda wa ng'ombe, kuanzia Isingiro kule kupanda Kiruhura, Sembabule, Nakasongola mpaka Karamoja, ukavu ni mkali zaidi. Miezi hiyo majani yamekauka, wengine wanachoma nyasi, na nyuki hawana pa kwenda, ndio unasikia mtu analalamika mizinga imebaki mitupu. Mshubiri mara nyingi unatoa maua yake wakati huohuo wa ukavu. Sasa fikiria robusta, kahawa yetu ya asili: mti wa robusta hauwezi kujizalisha kwa chavua yake wenyewe, lazima chavua itoke mti mwingine, iletwe na upepo na wadudu, na maua yake yanafunguka siku chache tu baada ya mvua inayovunja kiangazi. Nyuki wa kufanya kazi hiyo lazima wawe hai tayari siku hiyo. Waliokufa njaa Februari hawatakusaidia Machi. Mshubiri peke yake hauwezi kulisha mzinga mzima, nakubali, lakini ni chakula ambacho kipo wakati kingine hakipo.

Na sio nyuki tu. Ua la mshubiri ni mrija mwekundu wa sentimita tatu na kidogo, limeumbwa kwa ajili ya chozi, vile vindege vidogo vyenye mdomo mrefu uliopinda. Chozi anakunywa nekta huku kichwa chake kinajaa chavua, anaipeleka kwa mmea mwingine. Nyuki wakubwa wanakuja, wale wadogo wasiouma nao wanakuja, kila mmoja na saa yake.

Sasa tuanze kazi.

Hatua ya kwanza: ujue unachokitafuta

Aloe dawei ni kichaka. Una shina, linaweza kufika mita moja mpaka mbili, na chini unazaa watoto wengi mpaka baada ya miaka unakuwa kundi zito. Majani ni marefu, manene, yana miba midogo pembeni ya rangi ya kahawia-nyekundu. Maua ni mekundu, yanakaa kwenye bua lenye matawi kadhaa. Aloe vera kwa kawaida maua yake ni ya njano na majani yanatokea chini kabisa karibu na ardhi. Kama muuzaji anakwambia "yote ni moja tu" usimwamini, mwambie akuonyeshe uliotoa maua au hata picha ya mmea mama ulikotoka mche.

Mwingine wa kuchanganya ni mkonge na jamaa zake. Mkonge una nyuzi ngumu ndani ya jani, ukilivunja haliachii kirahisi, na unatoa maua mara moja tu maishani kisha unakufa. Mshubiri jani lake ukilivunja ni utomvu na maji ndani, na unatoa maua mwaka baada ya mwaka.

Kama uko Karamoja kuna mshubiri wa hukohuko, Aloe tweediae, panda huo badala ya kuleta wa kusini. Mishubiri inazaliana kati ya aina na aina kirahisi sana, ukichanganya aina mbili sehemu moja mbegu zitatoka machotara, na mimi naona kila sehemu ibaki na wake. Mengi ya hapa chini yanafaa kwa huo pia, isipokuwa Karamoja mvua ni msimu mmoja, Aprili hivi mpaka Oktoba, kwa hivyo tarehe zako zitabadilika.

Hatua ya pili: kupata miche ya kupanda

Tafadhali usiende kung'oa porini. Kuna watu wanajaza gunia kutoka mlimani kwenda kuuza, na kundi la mishubiri linachukua miaka mingi kurudi pale. Alafu ujue mishubiri yote isipokuwa Aloe vera iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, yani ukitaka kuivusha mpaka hata kama ni zawadi ya shangazi yako Nairobi unahitaji kibali.

Omba kwa mtu. Kuna mishubiri kwenye ua la makanisa, mashule, nyumba za wazee, na mwenye nayo huwa anafurahi ukimpunguzia watoto manake wamejaa. Msalimie mzee vizuri, mwambie unachotaka kufanya, atakupa na panga lake juu. La sivyo nenda vitalu vya kando ya barabara.

Na hapa ndipo wengi hawaambiwi: chukua kutoka kwa mama zaidi ya mmoja, tena walioko mbalimbali. Watoto wote wa kundi moja ni mmea uleule mmoja, na mshubiri karibu siku zote haukubali chavua yake wenyewe. Ukipanda mia kutoka kundi moja utapata maua na nekta, sawa, ila mbegu hutaziona. Ukipanda watano kutoka kwa jirani, watano kutoka parokiani, watano kutoka kijiji cha pili, chozi na nyuki watafanya kazi ya kweli na utapata miche mipya yenye nguvu tofauti tofauti, ambapo ugonjwa ukiingia haumalizi yote.

Chagua mtoto mwenye urefu wa kama sentimita 15 na kuendelea, mwenye majani matano sita. Fukua udongo pembeni taratibu mpaka uone alipoungana na mama, kata hapo kwa kisu kikali ulichokipitisha kwenye moto. Akija na mizizi yake ni vizuri zaidi, asipokuja nayo pia ataota. Unaweza pia kukata kichwa cha shina refu lililolala, sentimita 20 au 30, kile kisiki ulichokiacha kitatoa watoto pembeni.

Vaa glavu au hata soksi nene mkononi, ile miba inachana. Na ule utomvu wa njano unaotoka ukikata, uchungu wake sio wa mchezo, ukiingia tumboni unaharisha vibaya, usimwachie mtoto achezee na mama mjamzito asiunywe hata kama kuna mtu amemwambia ni dawa.

Hatua ya tatu: anika kidonda

Usipande siku hiyohiyo. Weka miche kivulini, pakavu penye hewa, chini ya paa la jiko kwa mfano, siku tatu mpaka tano kwa watoto wadogo, wiki moja au mbili kwa vipande vya shina vinene. Unangoja kidonda kikauke na kufanya gamba gumu. Watu wengi wanapaka jivu hapo na mimi naona ni sawa, linakausha haraka. Ukipanda kidonda kibichi kwenye udongo wenye maji, kuoza kunaingilia hapohapo. Mche utasinyaa kidogo, usiogope, majani yake ni ghala la maji.

Hatua ya nne: mahali na udongo

Jua la kutwa, au angalau saa sita. Chini ya mwembe utaishi lakini utarefuka ukitafuta mwanga na maua yatakuwa machache.

Kuhusu udongo nakaa kidogo hapa kwa sababu ndio unaoamua. Mshubiri hauhitaji udongo wenye rutuba, unahitaji udongo usiotuamisha maji. Pima hivi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaishe, lijaze tena, alafu hesabu muda. Yakiisha ndani ya saa mbili tatu uko vizuri. Kama umelala umeamka maji bado yapo, usipande hapo kama palivyo. Udongo wa karibu na kinamasi, wa mfinyanzi, ule mweusi unaopasuka kiangazi, huo ndio unaua.

Dawa yake ni kuinua. Tengeneza tuta la sentimita 30 hivi kwa kuchanganya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga ule wa chembe kubwa na sehemu moja ya maramu (ule udongo wa kokoto wa barabarani) au matofali yaliyovunjwavunjwa. Zunguka mjengo wowote hapa kwetu utapata matofali mabovu bure. Mteremko pia ni mzuri sana, pale ambapo mahindi yanakataa kwa sababu ya mawe mshubiri unafurahi, na mizizi yake na lile kundi vinasaidia kushika udongo usishuke na mvua.

Mbolea: kiganja kimoja cha samadi iliyokaa miezi mpaka haina harufu, kwa kila shimo, basi. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Na mbolea ya dukani ya kukuza majani hata usiinunue, inaleta majani laini yaliyojaa maji ambayo wadudu wanayapenda.

Hatua ya tano: kupanda

Kusini na katikati, mimi napendelea Septemba mwanzoni au Machi mwanzoni, mvua zikianza kidogokidogo, mizizi ishike kabla ya mvua kubwa. Aprili ikishakolea subiri. Kama huna jinsi, panda kwanza kwenye kavera (mifuko ya plastiki) za kitalu au jerikani kuukuu uliyoikata na kuitoboa matundu mengi chini, weka chini ya baraza mvua isiupige mche moja kwa moja, alafu uhamishe baadaye.

Shimo lisiwe kubwa, litoshe mizizi tu. Mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho, majani ya chini yasizikwe, yakigusana na udongo wenye unyevu yanaoza na kuoza kunapanda juu. Kwa kipande cha shina zika sentimita nane au kumi, weka mawe mawili matatu kukishikilia kisianguke. Shindilia kwa mkono.

Nafasi: kama unataka uzio wa kuzuia ng'ombe, sentimita 50 au 60 kati ya mche na mche, mistari miwili iliyopishana. Kama ni bustani ya maua acha mita moja au moja na nusu. Changanya wale wa mama tofauti, usiwapange kila familia upande wake. Na tafadhali panda kwa kundi, kumi pamoja kuliko mmoja mmoja kila kona, manake nyuki wanapenda kufanya kazi mahali pamoja penye maua mengi na chozi akiwa na kundi lake anarudi kila siku.

Hatua ya sita: maji, yani kutokumwagilia

Baada ya kupanda usimwagilie. Kama mche hauna mizizi ngoja wiki nzima, kama unayo siku tatu nne. Alafu mwagilia lita moja kwa mche, uache. Kama mvua haipo rudia baada ya siku kumi au wiki mbili, hivyo kwa miezi mitatu minne ya kwanza. Kabla hujamwaga ingiza kidole kwenye udongo, ukihisi ubaridi wa unyevu rudisha jerikani ndani.

Mwaka wa pili na kuendelea hauhitaji kitu. Kama kiangazi kimepita miezi miwili bila tone na majani yamejikunja sana, jerikani moja ya lita 20 inatosha mishubiri kumi kwa mara moja. Majani yatageuka rangi ya shaba au wekundu kwenye jua kali, hiyo ni kawaida, mvua ikija yanarudi kijani. Huu mmea unafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku wakati kuna baridi na kuvifunga mchana, ndio maana haupotezi maji kama mimea mingine. Wengi wanaopoteza mishubiri wameipoteza kwa huruma, wanaona jani limesinyaa wanaleta maji, kesho tena, kumbe mizizi imeshaoza ndio maana jani linasinyaa.

Chini usiweke matandazo ya nyasi mpaka kwenye shina. Weka kokoto au mawe, yanazuia magugu na hayashiki unyevu shingoni.

Palilia mwaka wa kwanza, ukali wa magugu ndio unaochelewesha. Mwezi Desemba hivi fyeka nyasi mita mbili tatu kuzunguka, kwa sababu ya moto. Mbuzi na ng'ombe majani hawayataki kwa ule uchungu, lakini bua la maua likiwa changa mbuzi mwenye njaa analikata, kwa hivyo wafunge wiki hizo au weka matawi ya miba.

Wadudu na magonjwa

Kuoza ndio namba moja. Ukigusa shina chini linabonyea, lina harufu, ng'oa, kata kwenda juu mpaka ufike nyama safi isiyo na doa, anika wiki moja au mbili, panda pengine. Kile kilichooza kitupe mbali.

Pili ni utitiri, mdogo hauonekani kwa macho, unafanya majani na maua yaote vinundu vya ajabu kama uvimbe. Kata sehemu yote hiyo, choma moto, safisha kisu, na mmea huo usichukue watoto wake kumpa mtu. Ukirudi tena ng'oa mmea wote, uchungu wa kupoteza mmoja ni mdogo kuliko kupoteza kundi.

Vidudu gamba vyeupe na vidung'ata, vile vidudu laini vyenye unga mweupe, vinakaa kwenye mikunjo ya majani. Sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni kwa lita moja, jioni. Ukiona sisimizi wengi wanapanda na kushuka angalia vizuri, mara nyingi wanalinda vidung'ata kwa ajili ya utamu wake.

Dawa ya kuua wadudu usipulize kwenye mshubiri wenye maua, hata kidogo. Kama una nyanya au kabichi jirani na lazima upulize, fanya jioni nyuki wakisharudi nyumbani, upepo ukiwa umetulia, na ongea na jirani yako mwenye bomba afanye hivyohivyo. Nyuki hawajui mpaka wa shamba.

Maua, na jinsi ya kusaidia wageni wako

Mtoto mzuri anaanza kutoa maua baada ya mwaka mmoja na nusu mpaka miwili au zaidi, inategemea jua. Uliotoka kwenye mbegu mngojee miaka mitatu minne. Maua yanafunguka kuanzia chini kwenda juu ya bua, kwa hivyo bua moja linalisha kwa wiki kadhaa. Kila ua linatoa chavua kwanza, baadaye ndio sehemu ya kike inakuwa tayari. Usikate mabua kwa ajili ya kupamba sebule.

Weka beseni pana la maji lenye mawe ndani nyuki watue wanywe bila kuzama, kiangazi wanalihitaji karibu kama maua. Acha kisiki kikavu au fito mahali, wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanazalia humo na ndio wanaofanya kazi nzuri kwenye pasheni yako. Karibu na mishubiri acha mululuza (kile kichaka cha majani machungu) na kifumufumu (kile cha maua ya rangi ya chungwa) viote, watu wanavikata kama magugu lakini nyuki na chozi wanavipenda, na miezi yake ya maua inasaidia kuziba mapengo.

Najua watu wanakata majani kuwawekea kuku kwenye maji au kutibu hiki na kile. Chukua majani ya chini, mawili matatu kwa mmea kwa mwaka, na usiguse mmea unaotoa bua. Ule unaokatwa kila wiki hauwezi kubaki na nguvu ya kutoa maua. Kama unahitaji majani mengi tenga mishubiri yake kando.

Mbegu na kugawa

Baada ya maua utaona vidonge vya kijani, vikianza kuwa kahawia na kutaka kupasuka sehemu tatu vikate uviweke kwenye bahasha ya karatasi. Panda mbegu zikiwa mpya, juu ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, funika nyembamba sana, weka unyevu mdogo na kivuli chepesi. Zitaota ndani ya wiki mbili mpaka nne hivi. Miche ni midogo na inakwenda polepole, iache mwaka mzima kwenye kavera kabla ya kuitoa.

Kila baada ya miaka mitatu minne fungua kundi lililobanana, toa watoto wa katikati, acha hewa ipite. Kabla hujawagawa waandikie alama, kipande cha bati au plastiki chenye namba ya mama, ili ukimpa jirani watoto wanne uhakikishe wametoka kwa mama wawili au watatu tofauti, na yeye mbegu zake zishike.